Hoja ya Nne ya Watazamaji wa Mtongani

Mtoni Mtongani, Temeke
Jumatano, 15 Januari 2025

Kwako mdogo wangu Brightson,

Ugonile, kwa salamu ya kwetu Tukuyu. Natumaini wewe na wifi yangu Jesca mmeamka salama na mafua yake yamepoa. Huku mie mzima, ila presha inanipanda kila Jumanne saa moja jioni, na sababu yake ni wewe.

Nakuandikia humu WhatsApp kama barua kwa kuwa ndivyo ulivyoagiza. Tangu Mwaka Mpya nimepiga mara nne, hukupokea. Nikakutumia voisi, ukanijibu neno moja: "Andika." Sawa, bwana mkubwa. Ukoo mzima sasa unajua kwamba Brightson wa Kinondoni haongei na simu, anasoma tu kama jaji. Mie nimefundisha Kiswahili miaka ishirini na sita, kuandika hakunitishi, ila usije ukalalamikia urefu.

Jana tulikuwa watu kumi na saba dukani kwa Bi Yasmini, tunaangalia hiyo tamthilia yenu ya Lango la Tano. Ni ile sehemu ambayo mama mkwe anamwambia bi harusi siri ya kifo cha baba yake. Siri hiyo tumeisubiri wiki saba. Mama mkwe akafungua mdomo, na hapohapo vinanda vikamwagika kama lori la kokoto. Mdomo unacheza, machozi yanashuka, bi harusi anazimia. Alichoambiwa hatukijui mpaka leo. Mzee Wilbert, yule seremala wa Keko, akauliza, "Kaambiwa nini?" Bi Yasmini akasema kaambiwa baba yake yu hai. Mwingine akasema kaambiwa bwana harusi ni kaka yake. Walikaribia kushikana mashati kwa ajili ya maneno ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeyasikia.

Mwisho majina yakapita, na lako likiwemo: mchanganyaji wa sauti. Mzee Wilbert akalitukana. Hajui kwamba wewe ni ndugu yangu, na mie nilinyamaza. Unajua kunyamaza kunanigharimu kiasi gani.

Rekebisha hiyo sauti. Nakwambia kama dada kabla sijakwambia kama mtazamaji.

Dada yako,
Sekela

*

Mwananyamala, Kinondoni
Jumapili, 19 Januari 2025

Shikamoo dada Sekela,

Sie hatujambo. Jesca amepona, anakusalimu sana. Pole na presha. Kuhusu simu, samahani. Kazini haziruhusiwi, na nikifika nyumbani nakuwa nimechoka.

Barua yako niliisoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka. Hizo televisheni bapa spika zake ziko mgongoni, dada. Zinauongelesha ukuta. Halafu Bi Yasmini ameitundika yake juu ya friji la soda linalonguruma kama mashine ya kusaga, kisha lawama zinavuka mji mzima kuja Kinondoni. Mwambie anunue spika ya pembeni.

Mengine hayako mikononi mwangu. Adelard, prodyuza wetu, anaamini mtazamaji wa Bongo asiposikia muziki anahama chaneli. Mwongozaji naye amewafundisha waigizaji kunong'ona, eti huo ndio uhalisia. Mie nakaa katikati yao na meza yangu ya sauti, vipindi vitatu kwa wiki, peke yangu. Kila kipindi nakipitia mara ishirini, mara thelathini, skripti ikiwa mbele yangu. Nakuhakikishia kila neno limo. Nalisikia. Mama mkwe alisema: "Baba yako hakufa, alifukuzwa, na aliyemfukuza ndiye huyo unayelala naye." Haya, waambie watu wa dukani wapatane.

Ila hii ishu iishie kwetu wawili.

Mdogo wako,
Brightson

*

Mtoni Mtongani
Jumatano, 22 Januari 2025

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, nyingine mpe Jesca. Mie naendelea vizuri, na hasira nayo inaendelea vizuri.

Niliwaambia. Wakaniuliza nimejuaje, nikasema nimemuuliza mtu anayejua, nikaishia hapo.

Sasa tuje kwenye uhalisia wenu. Nani Temeke hii ananong'ona akigombana na mumewe? Huku ugomvi wa mke na mume unausikia toka Mtongani mpaka Kwa Azizi Ali, na bado jirani atakukimbilia akusimulie upya usije ukapitwa. Huo mnong'ono mmeuokota kwenye tamthilia za watu wa mbali, mkauvisha kanga. Na huo muziki wa Adelard ni dharau. Anadhani sie ni watoto wachanga, tukiachwa na maneno matupu tutalia. Watu hawa wanakaa saa nzima kanisani, msikitini na kwenye kikao cha mirathi wakisikiliza maneno matupu, wala hawahami chaneli.

Lakini nimesikitishwa zaidi na utetezi wako. Unasema unasikia kila neno, na skripti iko mbele yako. Brightson, mie natoa imla darasani. Mwanafunzi aliyekwisha kuliona lile fungu la habari hasikii, anakumbuka. Ataandika sentensi nzima hata kama nimekohoa katikati. Wewe umeshaliona fungu la habari.

Kwa hiyo Jumatatu nilifanya jaribio. Nilirekodi sekunde arobaini za Lango la Tano kwenye simu, nikaziunganisha na spika ya shule, ile nzuri ya mahafali, nikawapa kidato cha pili imla. Wanafunzi arobaini na mmoja, masikio mabichi. Hakuna aliyemaliza sentensi moja. Mmoja aliandika, "Mwalimu, naomba wapunguze kinanda," nikampa alama zote.

Watazamaji wa Mtongani wamenichagua mwenyekiti. Tunaandika barua kwa kituo cha televisheni, na watu wa Mbagala na Buguruni wameomba kutia saini. Nimeona ujue.

Dada yako,
Sekela

*

Mwananyamala
Jumapili, 2 Februari 2025

Shikamoo dada,

Hatujambo. Natumaini nawe hujambo.

Umenitahini mbele ya watoto wa kidato cha pili. Nilikuja kwako nikitoka Tukuyu nina miaka kumi na miwili, ulinifulia, ulinilisha, ulinisomesha, na kuchapa ulinichapa. Sikuwahi kukulalamikia. Leo nakuomba kitu kimoja: barua hiyo usiipeleke.

Kituo kinataka kupunguza watu. Adelard anatafuta wa kumtwisha mzigo, na mwenye jina linalopita mwisho wa kipindi chini ya neno "sauti" ni mmoja. Nitaushusha muziki kidogo kidogo, kimya kimya. Nipe miezi mitatu.

Tafadhali.

Mdogo wako,
Brightson

*

Mtoni Mtongani
Ijumaa, 14 Februari 2025

Mdogo wangu Brightson,

Ugonile. Habari za nyumbani? Mie sijambo, nimechoka tu kwa kuzunguka na karatasi.

Barua imekwenda jana, na saini mia mbili na kumi na nne. Usinikasirikie kabla hujamaliza kusoma. Jina lako halimo. Nimekutetea bila kukutaja: nimesema wazi kwamba muziki huo ni amri ya prodyuza, kwamba minong'ono ni ulimbukeni wa mwongozaji, kwamba matangazo ya sabuni yanapiga kelele mara tatu ya tamthilia. Kama Adelard anatafuta wa kumtwisha, nimempa kioo ajitazame.

Miezi mitatu nisingeweza. Ningewaambia nini watu walionichagua? Kwamba mwenyekiti ameombwa na nduguye akakaa kimya? Mie uongo siujui, hata wa kunyamaza unanikaa kooni.

Hoja ya nne itakuchekesha. Unamkumbuka Anjelina, mpangaji wa chumba cha uani, anayefuma vitambaa vya makochi? Haoni tangu utotoni. Dukani haji, anasikiliza televisheni yake chumbani kwa hedfoni, kwa sababu chumba cha pili kuna mtoto mchanga. Sie tukikosa maneno tunatazama midomo na kubahatisha. Anjelina akikosa maneno, kipindi kimekwisha. Nilipomuuliza malalamiko yake, alisema hivi, nami nikayaandika neno kwa neno:

"Huyo anayechanganya sauti kila mtu anamsogeza kulia. Mume kulia, mke kulia, hata mvua inanyesha kulia. Kushoto hakuna anayeishi. Sikio la kulia la mtu huyo halifanyi kazi, ndiyo maana anajaza pale anapopungukiwa."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Najua wewe si kiziwi. Ulipokuwa mdogo ulikuwa uwanjani unasikia sufuria ya nyama ikifunuliwa jikoni. Nimeiweka tu kuwachokoza wakubwa, wajue kwamba hata asiyeona amewaona.

Dada yako,
Sekela

*

Mwananyamala
Alhamisi, 27 Februari 2025

Shikamoo dada,

Natumaini mzima.

Adelard aliisoma barua yenu kwa sauti mbele yetu sote. Hoja tatu za mwanzo zilimkera. Hoja ya nne ilimchekesha, akairudia. Halafu akaacha kucheka, akaomba hedfoni, akafungua kipindi cha wiki iliyopita, akasikiliza dakika tano. Mie nilikuwa nimekaa mita mbili toka alipo.

Kituo kitaita watazamaji watano kwenye kikao, Jumanne tarehe 11 Machi, saa nne asubuhi. Barua ya mwaliko itakufikia. Ndani yake wamemtaja "yule mama asiyeona."

Njoo wewe. Njoo na Mzee Wilbert, anitukane ana kwa ana. Sema kuhusu muziki, sema kuhusu minong'ono, hata mie nitakuunga mkono. Lakini Anjelina usimlete. Sema anaumwa. Sema lolote.

Brightson

*

Mtoni Mtongani
Ijumaa, 28 Februari 2025

Brightson,

Salamu. Tumeikaribia Ramadhani hapa, Bi Yasmini anakusanya tende, nami nakusanya subira, lakini haijatosha.

Unaniambia nimuache Anjelina. Unajua ni mara ngapi mwanamke yule ameambiwa abaki? Harusini abaki, hajui njia. Kwenye mikutano ya mtaa abaki, ngazi ni mbovu. Kwenye uchaguzi alipigiwa kura na mtu asiyemtuma. Mwaliko ulinifikia jana hiyohiyo, nikamsomea pale alipotajwa, akaniomba nirudie. Amekwisha kumpa jirani yetu Bernadeta gauni ampigie pasi. Nawe unataka niseme anaumwa?

Wa kujificha ni yule anayeogopa kusikilizwa. Unaogopa nini kwa mtu anayefuma vitambaa? Nieleze kama mtu mzima, usinipe amri.

Sekela

*

Mwananyamala
Jumanne, 4 Machi 2025

Dada yangu Sekela, shikamoo,

Nimeandika barua hii mara sita nikaifuta.

Anjelina amesikia sawasawa. Sikio la kulia lilikufa miaka minne iliyopita. La kushoto linapungua. Ilianzia kwenye vigodoro, zile sherehe za mtaani za kukesha, huko Tandika na Buguruni, nilipokuwa napiga muziki wa singeli usiku kucha nimesimama kando ya spika ndefu kama milango. Kwanza ulikuja mluzi usiokatika. Nilidhani utaondoka. Ulipoondoka, uliondoka na kila kitu. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu, haurudi.

Ndiyo maana sipokei simu. Si ukubwa. Nikiweka simu sikioni nasikia mtu anaongea toka ndani ya pipa. Hata Jesca hajui. Anadhani nampuuza, nami nimemwacha adhani hivyo, maana mume jeuri anaheshimika kuliko mume kiziwi.

Kazini nasoma midomo. Skripti ninayo, midomo naiona, kichwa kinajaza. Uliponiandikia kwamba aliyeliona fungu la habari hasikii, anakumbuka, niliiweka simu chini nikatoka nje. Mpaka siku ile nilikuwa naamini kabisa kwamba nasikia. Huo si uongo, dada. Nilikuwa naapa.

Sina ufundi mwingine ninaoujua. Nikitoka kwenye meza ile nani ataniweka kwenye nyingine? Anjelina akiulizwa atasema, na atasema kweli. Ukiulizwa wewe utasema, kwa sababu hujawahi kujua kunyamaza. Nakuomba ujue siku hiyo moja.

Brightson

*

Mtoni Mtongani
Jumatano, 5 Machi 2025

Mdogo wangu, mdogo wangu,

Nimeisoma nimekaa kwenye ndoo uani. Nilikuita jaji. Nilikuita bwana mkubwa. Kwenye msiba wa shangazi niliwaambia watu kwamba mji umekupanda kichwani, ulikuwa umesimama ukutani peke yako na sie tunakusengenya kwa sauti ya kawaida, tukishangaa kwa nini hugeuki.

Hoja ya nne niliiandika mie, kwa mkono huu, nikicheka.

Anjelina siwezi kumzuia. Gauni limekwisha kupigwa pasi. Lakini wa kusimama ni mie, mwenyekiti. Sijui nitasema nini. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu naandika sentensi hiyo.

Kula vizuri. Mwambie Jesca.

Dada yako

*

Mtoni Mtongani
Jumanne, 11 Machi 2025, alasiri

Brightson,

Leo salamu nimeziruka. Nataka kujua kitu kimoja: kwa nini ulisimama?

Labda nikukumbushe yaliyotokea, kwa sababu naona kama hatukuwa chumba kimoja. Watu tisa mezani. Kiyoyozi kinanguruma. Wewe umekaa mwisho kabisa, dirishani, ubavu wa kulia umetugeukia sisi. Hukunitazama hata mara moja. Mzee Wilbert akasema yake kuhusu muziki, vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha yule Adelard wako, mtu mpole kuliko nilivyomwandika, akageukia upande wetu akasema, "Mama Anjelina, hoja ya nne ni yako. Una uhakika nayo?"

Anjelina alikuwa amenishika mkono. Alivuta pumzi. Alikuwa amejiandaa wiki nzima kwa swali hilo. Kabla hajafungua mdomo nikasimama mie.

Nikasema, "Hoja ya nne naifuta. Mwenzetu haoni, na asiyeona huwaza mengi. Huwa anasikia mambo ambayo hayapo."

Maneno hayo ndiyo niliyosema. Nayaandika yote ili nisije kesho nikayapunguza. Mkono wake ukatoka mkononi mwangu polepole. Adelard akashusha pumzi, akafunua ukurasa. Yalikuwa yamekwisha, Brightson. Ulikuwa umepona. Nilikuwa nimelipia kwa kitu ambacho sikuwahi kukitoa kwa mtu yeyote, si kwa mume, si kwa mkuu wa shule, si kwa Mwenyezi Mungu.

Ndipo wewe ukasimama mwisho wa meza ukasema, "Anachosema dada yangu ni kweli. Sikio langu la kulia halisikii. Ni mwaka wa nne sasa."

Watu wote wakanitazama mie. Anjelina akauliza kwa utulivu, "Dada yake ni nani humu?" Hakungoja jibu. Akamwomba Mzee Wilbert amtoe nje. Njia nzima ya kurudi Temeke alikaa kiti cha mbele na Wilbert, mie nyuma peke yangu.

Kwa nini ulisimama?

Sekela

*

Mwananyamala
Jumapili, 23 Machi 2025

Shikamoo dada,

Natumaini presha imeshuka. Sie tunaendelea. Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa hospitalini kwa vipimo, na kabla ya hapo sikuwa na la kuandika.

Nilisimama kwa sababu sikukusikia.

Kiyoyozi kilikuwa upande wangu wa kushoto, kikala kilichobaki. Nilikaa vile makusudi, nisiwaone. Nilimsikia Wilbert kama mtu anayeongea chini ya maji. Halafu kila kichwa mezani kikageuka, nami nikageuka. Nikakuona mgongo, umemwelekea Adelard, kidole juu, kama unavyosimama siku zote. Midomo yako sikuiona. Nikamwona Anjelina uso umemkauka. Nikamwona Adelard anashusha pumzi na kufunua karatasi, kama mtu aliyekwisha kupata jibu. Nikajua umeshasema.

Sikukasirika. Nilijisemea, amesema, na angesema hata kama ningekuwa mwanawe wa kuzaa. Bora nisimame kabla hawajanigeukia. Nikasema kwamba unachosema ni kweli.

Nje, Mzee Wilbert alinifuata kwenye geti. Alikuja upande wa kushoto, akanipigia kelele sikioni nilichokuwa nimekiunga mkono. Nilimwomba arudie. Nilidhani sikio limenidanganya tena.

Dada, umenilea miaka kumi na mitatu. Umenitukana, umenichapa, umenitangaza kwenye misiba. Katika hayo yote sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba unaweza kusema uongo. Hicho ndicho kilichonisimamisha.

Adelard ameniondoa kwenye meza ya sauti. Mkataba unakwisha mwisho wa mwezi na hautarudiwa. Alisema, "Pole, braza," nikasoma midomoni mwake kwamba alimaanisha. Jesca nimemwambia. Alilia, kisha akacheka, kisha akakasirika kwa ajili ya miaka minne ya kuongea na ukuta. Bado amekasirika. Hospitali wanasema la kushoto linaweza kusaidiwa na kifaa.

Nina maombi mawili. Usinipiganie. Usimwandikie Adelard, wala gazeti, wala wizara. Ukinipigania mtu mwingine anaumia. La pili, nenda kwa Anjelina. Usiniandikie tena kabla hujaenda.

Mdogo wako,
Brightson

*

Mtoni Mtongani
Jumatano, 16 Aprili 2025

Mdogo wangu Brightson,

Ugonile, na Jesca pia. Nimesikia kifaa umekipata na kinakukera kwa kelele za vijiko. Vumilia.

Nimekwenda. Mara ya kwanza alinyamaza humo ndani mpaka nikaondoka. Mara ya pili akasema kupitia mlango kwamba ana kazi ya watu. Mara ya tatu alifungua, akaendelea kufuma, nami nikasema niliyokuja kuyasema, bila kupamba. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza siku ile mezani tulikuwa wangapi. Nikamwambia tisa.

Akasema, "Basi hapa hatutoshi."

Kwa hiyo jana, kabla ya saa moja, nikaenda naye dukani kwa Bi Yasmini. Nikaomba televisheni izimwe. Nikawaambia kwamba Anjelina alisikia sawasawa kuliko sisi wote, kwamba aliyesema uongo kikaoni ni mwenyekiti wao, na kwamba alisema kwa ajili ya ndugu yake wa damu, ambaye walimtukana miezi mitatu mwenyekiti huyo akiwa amekaa nao kwenye benchi hilohilo. Mtu mmoja akauliza kama najiuzulu. Nikasema nimekuja nimejiandaa. Anjelina akajibu kabla yao: "Abaki. Akiondoka, nani anajua kuandika humu?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Hajasema amenisamehe, nami sikumuuliza.

Bi Yasmini akawasha televisheni. Brightson, tumesikia kila neno. Muziki umekaa nyuma kama mgeni mwenye adabu. Bi harusi amemjibu mama mkwe, maneno kumi na mbili, niliyahesabu, na yote yalifika. Mzee Wilbert alikuwa anayarudia moja moja kama mtu aliyeokota shilingi. Anjelina alikuwa ameinamisha kichwa, anatabasamu. Walipiga makofi. Wengine walinigeukia mie wakipiga. Nilitaka kutoka, nikakaa.

Kipindi kilipokwisha wakaamua tuandike barua ya shukrani kwa kituo. Mwenyekiti ndiye anayeandika.

Nimeandika. Nimesema kwamba sauti ya Lango la Tano sasa ni safi na kila neno linasikika, kwa kuwa ni kweli. Nimesema pia kwamba aliyetangulia alifanya peke yake kazi ya watu watatu, na kwamba hakupewa hata mtu mmoja asiyeisoma skripti wa kumsikilizia, kwa kuwa hilo nalo ni kweli. Sikuomba kitu. Kukupigania sijakupigania. Lakini Adelard ataisoma kwa sauti mbele ya wenzako wa zamani, na atakayekupelekea habari ataanza na ile sentensi ya kwanza. Dada yako amemsifu aliyekalia kiti chako. Jina langu limetangulia, la Anjelina linafuata, kwa dole gumba.

Barua imeondoka asubuhi hii. Nimeona uyapate haya toka kwangu kwanza, kwa maandishi, yote, kama yalivyo.

Jumapili ni Pasaka. Nitapika ndizi na nyama, nitatenga sahani mbili zaidi. Zikirudi kabatini hazijaguswa, sitakuuliza sababu.

Dada yako,
Sekela